Karani Asishutumiwe Kabla Kompyuta Haijaulizwa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hivyo ndivyo walivyonena wahenga, na hapana shaka neno hilo lingali kweli. Lakini siku hizi daftari limehamia ndani ya kompyuta, na mashaka mapya yamezuka: mali ipo, daftari lipo, ila daftari lenyewe hutaja yasiyokuwapo.

Uchukuliwe mfano wa familia za askari katika kambi moja ambazo, kwa njia ya chama chao cha akiba na mikopo, zimeazimia kujenga shule ya chekechea. Makisio ni shilingi 40,000,000, na muda wa ujenzi ni majuma 20. Karani wa ujenzi, sajini mstaafu, ameandika kazi zote katika Microsoft Project, programu ya kupanga ratiba iliyotolewa kwanza mwaka 1984. Juma la kumi kamati inakutana. Msingi umekwisha na kuta zimefika kwenye linta, lakini mahali pa gharama halisi kompyuta inaonyesha sifuri.

“Afande, fedha tulizotoa zimekwenda wapi?” anauliza mama mtunza hazina.

“Mama, stakabadhi zote zimo katika faili,” anajibu karani.

Wajumbe wanatazamana. Ifikapo jioni habari zimekwisha kuzagaa kambini, na jina la mtu aliyetumikia jeshi miaka mingi limeanza kuchafuka. Ndiyo maana yafaa kila kamati ijue makosa yanayoifanya programu ya namna hii itoe hesabu za uongo pasipo mtu yeyote kuiba.

BEI HAIKUANDIKWA

Kompyuta haijui ujira wa mwashi wala bei ya mfuko wa saruji mpaka iambiwe. Jina jipya linapoingizwa katika orodha ya watu na vifaa, kima chake cha malipo huwa sifuri hadi kibadilishwe. Mwashi akifanya kazi siku 30 kwa kima cha sifuri, gharama yake ni sifuri. Vilevile, aliyeandikiwa kima chake lakini hakupangiwa kazi yoyote haongezi hata senti moja. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuipitia orodha hiyo, jina kwa jina, kisha kuhakikisha kwamba kila mmoja amewekwa penye kazi yake.

Bei inapopanda, karani asiifute ya zamani na kuandika mpya mahali pale pale. Akifanya hivyo, programu yaweza kupiga upya hata hesabu ya kazi iliyokwisha, kwa bei ya leo. Inampasa aongeze mstari mpya wenye tarehe ambayo bei mpya inaanza kutumika.

NANI ANAYEPIGA HESABU

Katika programu hiyo mna chaguo moja dogo lenye madhara makubwa: je, gharama halisi ipigwe na kompyuta yenyewe au iandikwe na mtu? Chaguo la kompyuta likiwa limewashwa, hesabu hutokana na kazi iliyofanyika na kima cha malipo, na karani hawezi kuandika kiasi chake mwenyewe penye kazi ya vibarua mpaka kazi ile ikamilike. Likiwa limezimwa, kompyuta hungoja mkono wa mtu. Asipoandika, sifuri hubaki palepale, hata kama kuta zimefika kwenye linta.

Kwa chama chenye stakabadhi, njia ya kuandika kwa mkono yafaa zaidi, mradi iandikwe kila juma. Lililo baya ni kuzima chaguo hilo na kusahau kwamba limezimwa.

Liko kosa jingine linalofanana sana na wizi. Kazi nyingi ndogo hukusanywa chini ya kazi kuu, kama vile kazi za kuta chini ya neno “Kuta”. Ikiwa shilingi 500,000 za kibali zimeandikwa kwenye mstari wa kazi kuu yenyewe, jumla itazidi kazi ndogo kwa shilingi 500,000, na mkaguzi atauliza zimekwenda wapi. Kumbe hazikwenda popote. Ziliandikwa pasipo mahali pake.

MPANGO WA AWALI

Kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi, mpango wa awali sharti uhifadhiwe ndani ya programu. Usipohifadhiwa, kompyuta haina cha kulinganisha, na thamani ya kazi iliyopangwa huonekana sifuri. Programu huweza kuhifadhi nakala 11 za mpango, kwa hiyo hapana sababu ya kuifuta ile ya kwanza. Afutaye mpango wa kwanza baada ya gharama kuzidi huufuta upungufu machoni tu, mfukoni ungalipo.

Tarehe ya tathmini nayo iandikwe. Isipoandikwa, kompyuta hutumia tarehe ya siku ile, na taarifa iliyotolewa Ijumaa itatofautiana na ile itakayotolewa Jumanne.

FEDHA ILIYOTOKA NA KAZI ILIYOKWISHA

Karani wa mfano wetu anarekebisha yote hayo mbele ya mama mtunza hazina, stakabadhi kwa stakabadhi. Gharama halisi inaonekana: shilingi 18,000,000. Ilipangwa kwamba kufikia juma la kumi kazi ya shilingi 20,000,000 iwe imekwisha. Wajumbe wanafurahi, wakidhani wameokoa shilingi 2,000,000.

Furaha hiyo ni ya haraka. Kazi iliyokwisha, ikipimwa kwa makisio ya awali, ina thamani ya shilingi 14,000,000 tu. Maana yake ni kwamba kazi ya 14,000,000 imegharimu 18,000,000, na kwamba ujenzi uko nyuma kwa kazi ya 6,000,000. Mambo yakiendelea hivyo, shule itamalizika kwa shilingi zipatazo 51,400,000, wala si 40,000,000.

Kipimo hicho cha kulinganisha fedha na kazi kina asili ya kijeshi. Mwaka 1967 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliweka masharti 35 ya kusimamia gharama na ratiba za miradi yake mikubwa ya silaha. Hata hivyo kipimo hakimsaidii asiyetaka kukisoma. Ndege ya kivita A-12, iliyokuwa ikiundwa kwa ajili ya jeshi la wanamaji la nchi hiyo, ilifutwa tarehe 7 Januari 1991. Uchunguzi wa mwaka 1990 ulikuwa umeonyesha kwamba taarifa za gharama zilikwisha kutoa dalili za hatari, lakini matumaini yakapewa nafasi kubwa kuliko tarakimu.

Basi faida ya kusahihisha daftari ni mbili. Ya kwanza ni haki: karani amesafika, na aliyemnong’onea anapaswa kumwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia. Ya pili ni wakati: upungufu umejulikana juma la kumi, wakati paa halijanunuliwa, na kamati bado ina nafasi ya kupunguza vyumba, kuongeza michango au kuuliza kwa nini waashi wanachelewa. Kama ungalijulikana juma la ishirini, watoto wangalikuta kuta zisizo na mabati, na wazazi wangalikuwa wakigombana juu ya mwizi asiyekuwapo.