Taa Imezima, Hita Inawaka

Nimechoka kuambiwa kwamba rilei ya elektroniki ni "salama zaidi" kwa sababu ndani yake hakuna kinachosogea. Wanafunzi wa shahada ya kwanza ninaowasaidia maabara huja na sentensi hiyo wameikariri. Salama kwa nani?

Hoja yao naielewa. Rilei ya kawaida ina vipande vya chuma vinavyogusana na kuachana. Hugonga, hutoa cheche, huchakaa. Hii nyingine ina kitaa kidogo ndani kinachomulika kipokezi cha mwanga, nacho kikaamsha traiaki. Kimya kabisa. Lakini ikifa, mara nyingi hufa huku inapitisha umeme. Chuma nacho huweza kugandana, sikatai. Ila kwa traiaki hiyo ndiyo namna ya kufa unayopaswa kuitarajia tangu siku ya kwanza.

Sasa iweke kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga, mradi unaopendwa mno. Mayai ya kuku yanataka kama nyuzi 37.5 hivi. Rilei ikifa, programu itaandika "zima", taa nyekundu itazimika, na hita itaendelea kuwaka. Hapo hata uandike kodi nzuri namna gani, haina mkono wa kuifikia.

Halafu kuna ushauri wa kutafuta tatizo, ambao kwa kweli ni kubahatisha: "Pima kwa multimita." Ukipima volti bila mzigo wowote, utaona karibu 230 upande wa pili hata rilei ikiwa imezima, kwa sababu miliampia chache huvuja daima. Rilei nzima inatupwa. Ukiigeuza multimita kupima omu, inakuonyesha hakuna njia, hata rilei ikiwa imewashwa, maana betri ndogo ya kipimo haiwezi kuiamsha traiaki inayosubiri umeme wa mains. Nyingine inatupwa. Funga balbu ya zamani ya wati 60 iwe mzigo, uwashe na kuzima. Balbu haidanganyi.

Na ile "40A" iliyoandikwa mgongoni? Ni kweli ikiwa imefungwa kwenye bamba kubwa la alumini. Rilei hupoteza kama volti 1 hadi 1.5, hivyo kwa ampia 10 una wati 10 hadi 15 za joto ndani ya kiboksi cha plastiki. Wanaoiweka kwenye betri ya sola ndio hunichosha zaidi: traiaki huachia mkondo ukishuka hadi sifuri, jambo linalotokea mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wetu wa hezi 50, na halitokei kwenye betri. Imewaka, haizimiki, kisha wanalaumu Arduino.

"Ni hobi tu," wananijibu. Hobi iliyochomekwa ukutani, sebuleni kwa mama, usiku kucha.

Ninachodai ni kidogo: fyuzi ya joto au themostati ya chuma, iungwe kwenye waya wa hita, isiyosikiliza amri ya programu yoyote. Mradi ukiletwa mezani kwangu, nachomoa plagi, natoa rilei, naunga zile nyaya mbili za hita moja kwa moja, nachomeka tena. Kisha tunakaa na mwenye mradi, tunaangalia kipimajoto.