Ushauri wa Bwana Shamba: Karatasi Kwanza, Miche Baadaye



Mwezi uliopita tulizungumza habari ya mboji. Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya barabara. Utaniuliza, bwana shamba na barabara wapi na wapi? Ngoja kidogo, utaona.

Barabara kubwa inapojengwa tunaona nini? Tunaona magreda. Tunaona magari ya kifusi na wahandisi wenye kofia ngumu. Basi tunasema, kazi hii ni ya wakubwa peke yao. Si kweli. Barabara haimaliziki kwa lami. Kando ya lami pana tuta, na chini ya tuta pana mtaro. Tuta lisipopandwa majani, masika moja tu huteremsha udongo wote mtaroni. Mtaro ukiziba, maji hupanda juu ya lami, na lami huanza kubanduka.

Kwa sababu hiyo, katika orodha ya kazi za barabara mara nyingi utakuta mstari mdogo: kupanda majani, kupanda miti. Mhandisi hana kitalu. Mkandarasi hana ukoka. Sisi tunao. Ukoka tunaoung'oa shambani kila siku kwa hasira, huko barabarani ni mali, kwa sababu unatambaa na kushika udongo. Pana na majani yaitwayo vetiva, ambayo mizizi yake huweza kushuka chini mita 3. Hayo ni mazuri zaidi kwa tuta lenye mteremko mkali.

Na si majani tu. Mitaro inahitaji mawe ya kupanga. Kando ya barabara panahitaji kufyekwa. Vibarua kambini wanahitaji muhogo, ndizi na mchicha. Kazi hizi ni ndogo mno kwa kampuni kubwa, lakini kwa kikundi cha watu 15 ni kazi za kutosha.

Kazi kubwa za usafiri zimepita karibu nasi tangu zamani. Mwaka 1905 gari la moshi lilianza safari kutoka mjini hadi Bububu, karibu maili 7. Abiria walipoacha kulipanda, mwaka 1922, reli ile iliendelea kubeba mawe ya kujazia bandarini. Kampuni iliyoijenga ilitoka Marekani, lakini mawe hayakutoka Marekani. Yalikuwa mawe ya kisiwa hiki. Hata kazi kubwa namna gani, pana vitu ambavyo lazima vitoke mahali penyewe.

Je, serikali nyingine zimefanyaje ili watu wadogo wapate sehemu yao? Tuanze na jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1974 walianzisha mpango wa barabara za vijijini. Barabara zile zilijengwa zaidi kwa majembe, sururu na nguvu za mikono. Vibarua walitoka katika mashamba ya kando. Barabara ilipokwisha, hawakuambiwa wote kwaheri. Mmoja wao alipewa kipande cha kilomita moja na nusu au mbili, karibu na nyumba yake, akitunze kwa malipo. Alizibua mitaro, alifyeka, alifukia mashimo. Napenda sana mpango ule. Mtu anayepita barabara hiyo kila siku, na anayelipwa kwa kuitunza, halali wakati mvua inanyesha.

Baadaye zilikuja sheria za mafungu. Marekani, sheria iliyotiwa saini mwaka 1983 ilitaka angalau asilimia 10 ya fedha za barabara kuu ziende kwa biashara ndogo za watu waliokuwa wamenyimwa nafasi. Sheria hiyo imebadilishwa mara nyingi tangu hapo. Kenya, mwaka 2013, serikali iliagiza asilimia 30 ya manunuzi yake yatengwe kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tanzania Bara nao, kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, walitenga asilimia 30 kwa vikundi vya namna hiyo, pamoja na wazee. Sheria ya Bara si sheria ya hapa. Zanzibar ilitunga sheria yake ya ununuzi wa umma mwaka 2016. Usiende kwa mkandarasi wa Unguja ukamdai asilimia 30 kwa sababu shangazi yako wa Tanga ameipata. Nenda kwanza kwenye mamlaka ya ununuzi, yaani ZPPDA, ukaulize kipi kinahusu kikundi chako.

Lakini asilimia ni jambo moja, na pesa mkononi ni jambo jingine. Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea.

Miaka michache iliyopita kikundi kimoja cha kina mama, si mbali na Kizimbani, kilikuwa na kitalu kizuri cha mivinje na mikeshia. Alikuja msimamizi wa kazi wa mkandarasi mmoja. Sitamtaja, wala barabara siitaji. Aliitazama miche, akaipenda. Akasema, "Nataka miche 800 na mapolo 60 ya ukoka. Mvua ikianza tu, leteni." Kina mama wakaniuliza, "Bwana shamba, tupeleke?" Nikawajibu, "Pelekeni. Barabara ni ya serikali. Pesa ya serikali haipotei."

Walikopa katika mfuko wao wa hisa. Walinunua viriba, wakanunua samadi. Mvua ikaanza, wakapeleka. Walikwenda safari nane kwa gari ya kukodi. Miche ilipokelewa, ikapandwa. Mimi mwenyewe nilipita nikaiona kando ya barabara, nikafurahi.

Kisha yule msimamizi akahamishwa. Akaja mwingine, kijana mpole, mwenye adabu. Akasema, "Mama zangu, mimi sikuwaagiza. Nionyesheni karatasi." Karatasi gani? Palikuwa na maneno tu. Tulitafuta kila mahali. Tukapata vipande vitatu tu vyenye saini. Na vipande hivyo havikuandikwa na kikundi, wala mimi sikuvishauri. Viliandikwa na dereva wa gari, kwa sababu tajiri wake alitaka kujua mafuta yake yamekwenda wapi. Hizo safari nyingine dereva alikuwa hayupo, gari aliendesha ndugu yake.

Kina mama walilipwa safari tatu. Safari tano zilipotea. Na hizo tatu zililipwa baada ya miezi minane. Mama mmoja aliuza mbuzi wake wawili ili arudishe mkopo wa hisa. Hakunilaumu. Lakini kila nikipita kwake naliona lile banda la mbuzi limebaki tupu.

Basi, msomaji, usipeleke hata mche mmoja kabla ya kupata karatasi ya kuagiza. Karatasi hiyo iseme nani anaagiza, anaagiza nini, kiasi gani, kwa bei gani, na atalipa lini. Iwe na saini na mhuri wa kampuni. Saini ya msimamizi peke yake haitoshi, maana msimamizi huhamishwa, kampuni hubaki. Kama hujui kusoma vizuri maneno ya karatasi hiyo, au imeandikwa kwa Kiingereza, usione haya. Mpelekee mwalimu wa skuli akusomee kabla hujaweka kidole.

Halafu, kila safari iwe na karatasi yake ya kupokelea mali. Usingoje kampuni ikuandikie. Andika wewe, nakala mbili, namna hii:

"Leo tarehe 4 Aprili, kikundi chetu kimepeleka miche 100 ya mivinje, urefu wa futi 2, yote mizima. Aliyepeleka: (jina na saini). Aliyepokea: (jina, cheo na saini)."

Nakala moja mwachie aliyepokea. Moja itie katika jalada la kikundi. Akikataa kutia saini, rudi na miche yako. Najua ni vigumu. Gari umeshaikodi, jua kali, miche inanyauka. Rudi nayo.

Tena mwisho wa mwezi peleka ankara, yaani hesabu ya unachodai, na uambatishe nakala za zile karatasi. Mwambie karani atie tarehe aliyoipokea. Tarehe hiyo ni muhimu kuliko unavyofikiri, kwa sababu siku za kulipwa huanza kuhesabiwa hapo.

Sasa tuangalie kwa nini pesa za barabara huchelewa, hata pale ambapo hakuna mtu mbaya. Mkandarasi halipwi kila jioni kama muuza samaki. Hufanya kazi kwanza. Kisha mhandisi msimamizi hupima kazi na kuikubali. Kisha hesabu hupelekwa kwa mwenye kazi. Katika mikataba mingi ya kimataifa ya ujenzi, mwenye kazi hupewa siku 56 za kulipa tangu mhandisi apokee hesabu. Hizo ni wiki nane. Wewe uliye chini ya mkandarasi mara nyingi hungoja hadi yeye alipwe. Pia huzuiwa sehemu ya fedha, mara nyingi asilimia 5 au 10, mpaka ionekane kazi imesimama. Kwa miche maana yake ni kwamba ikifa, utaambiwa upande mingine.

Tufanye hesabu. Tuseme umeuza miche 1,000 kwa shilingi 1,500 kila mmoja. Ni shilingi 1,500,000. Tuseme viriba, mbegu, samadi na gari vimekugharimu shilingi 600,000. Ukizuiwa asilimia 10, unapata 1,350,000, na 150,000 zinangoja. Hesabu bado ni nzuri. Lakini zile 600,000 umezitoa mwanzo, na fedha zinarudi baada ya miezi mitatu au zaidi. Kama ulizikopa kwa mkopo wa kurudisha kila wiki, je, utarudisha kwa nini? Mkopo wa kila wiki unafaa kwa maandazi. Haufai kwa barabara. Omba malipo ya mwanzo, hata theluthi moja. Wakikataa, punguza miche. Peleka 300 uone wanavyolipa. Nyingine utawauzia wakulima. Na panda zaidi ya ulizoagizwa. Kati ya miche 100 mimi huhesabu kwamba 15 haitafika.

Jambo jingine linaniuma, na ninalisema haraka. Wakati wa ujenzi watakuja watu kununua kifusi na mchanga. Watakuonyesha noti mpya. Udongo wa juu wa shamba, ule mweusi, haurudi kwa mwaka mmoja wala miaka kumi. Nimeona mashamba ya muhogo yaliyobaki mashimo ya kufugia mbu. Isitoshe, kuchimba kunahitaji kibali. Uza ukoka, uza miche, uza muhogo. Ardhi ya kupandia ibaki.

Mtu mmoja mmoja kampuni haitamsikiliza. Jiungeni. Andikisheni kikundi au chama cha ushirika, mfungue akaunti ya benki, mpate namba ya mlipa kodi. Sheha atawaelekeza pa kuanzia. Siku hizi zabuni za Serikali ya Zanzibar hupitia mtambo wa kompyuta unaoitwa e-PROZ, na za Bara hupitia NeST. Wazee tusiogope. Tuna vijana waliomaliza skuli, wako nyumbani, simu mkononi mchana kutwa. Wapeni kazi hiyo. Wawe makatibu.

Kile kikundi nilichokitaja hakikuvunjika. Nilifikiri kingevunjika. Hivi karibuni alikuja karani wa mkandarasi mwingine, akitaka ukoka. Mwenyekiti alimkaribisha kitako mkekani, akampa maji ya kunywa. Kisha akatoa daftari na kalamu, akamwekea mbele. Karani akasema, "Mama, sisi tunaaminiana, haya ya nini?" Mwenyekiti akamjibu, "Mwanangu, andika tu, ili tuendelee kuaminiana." Yule karani aliaga akaenda zake. Mimi nilikuwepo, na nikiri kwamba moyo ulinidunda. Niliona kazi imekwenda.

Alirudi siku ya tisa. Alikuja na karatasi ya kuagiza mapolo 40, yenye mhuri. Malipo ya mwanzo hakutoa. Kina mama wamekubali kupeleka 15 kwanza, na hayo mengine yatangoja.

Kama kikundi chako kina karatasi ambayo hamkuielewa, ileteni Kizimbani siku ya kazi, asubuhi, tuisome pamoja. Mwezi ujao tutazungumza habari ya kuhamisha miche ya mikarafuu kutoka kitaluni bila kukata mzizi mkuu.