Kutuma video si kufundisha

Tangu shule zilifungwa mu Machi 2020 juu ya Covid-19, wazazi wengi wa Lubumbashi wamezoea kuona somo likifika ku WhatsApp. Walimu wengine sasa wanataka kuendelea hivyo: mtoto aangalie somo nyumbani, mazoezi yafanyike darasani. Inaitwa darasa lililogeuzwa.

Walioitangaza ni walimu wawili wa kemia, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, mu muji mudogo wa Woodland Park, Marekani, mwaka 2007. Watu wanasahau jambo moja: mwanafunzi asiye na intaneti walimupa somo ku DVD ao ku flashi. Kumbe hata kule, si kila nyumba ilikuwa na mega!

Kwetu Katuba ao Ruashi, simu yenye kuonyesha video mara nyingi ni ya baba, na baba iko kazini mpaka magaribi. Umeme ukirudi usiku wa manane, mtoto amelala. Mwalimu akisahau hayo, anafundisha watoto wa wenye uwezo tu.

Basi video iwe fupi. Utafiti wa mwaka 2014 juu ya masomo ya edX ulionyesha kama watazamaji wanaanza kuacha video ikipita dakika 6 hivi. Video fupi, ubao na sauti tu, ni nyepesi: inapita kwa Bluetooth kutoka simu moja kwenda ingine, bila kulipa hata franka. Mwalimu aongeze maulizo mawili ya kujibu mu kaye.

Lakini kazi yenyewe iko darasani. Leo saa nyingi inaisha ku kunakili ubao. Kama video imebeba maelezo, saa ile ibaki ya hesabu zenye kushinda watoto. Mwalimu akirudilia somo lote lile, walioliangalia watajiuliza: tuliangalia ya nini? Kesho hawaangalie tena. Wenye kukosa simu waje mbele kidogo, waangalie pamoja ku simu moja, halafu waingie mu mazoezi.

Inabaki jambo la simu: shule nyingi zinaikataza, na mwalimu ndiye anatumia yake, na mega zake. Hilo prefe na kamati ya wazazi walizungumuze mbele ya video ya kwanza kutoka.