Je, Watoto wa Leo Wana Akili Kuliko Babu Zao?

Mara kwa mara tunawasikia wazazi wakijisifu kwamba watoto wa siku hizi wana akili kuliko wazee wao. Mtoto asikiapo hayo kila siku, huanza kumdharau bibi yake. Yafaa basi tulipime dai hilo.

Msingi linao. Mwaka 1984 James Flynn, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, alionyesha kuwa alama za Wamarekani katika vipimo vya akili zilipanda kwa takriban pointi 14 kati ya 1932 na 1978. Huko Embu, Kenya, watafiti waliwapima watoto wa shule mwaka 1984, wakapima wengine mwaka 1998. Hao wa pili waliwapita wenzao kwa mbali.

Lakini lau alama hizo zingekuwa ndiyo akili yenyewe, ingetulazimu kusema kuwa wahenga wetu walikuwa punguani. Flynn mwenyewe alilikataa hilo. Alieleza kuwa shule na kazi za kisasa zimewazoesha watu kufikiri juu ya mambo ya kudhania. Alitaja mahojiano aliyoyafanya Alexander Luria huko Uzbekistan katika miaka ya 1930. Mkulima aliambiwa kuwa Ujerumani hakuna ngamia, kisha akaulizwa kama wapo katika mji fulani wa nchi hiyo. Akajibu kuwa hajapata kuviona vijiji vya Ujerumani, hivyo hajui. Katika kipimo, jibu hilo ni kosa. Lakini je, ni ujinga mtu kukataa kulitolea ushahidi asiloliona?

Tuyatazame pia yaliyotajwa kuwa sababu kule Embu: wazazi waliosoma zaidi, lishe iliyo bora, na familia zenye watoto wachache zaidi. Hakuna hata moja alilojipatia mtoto mwenyewe. Na kilichopanda huweza kushuka: nchini Norway, alama za vijana waliozaliwa baada ya 1975 zilianza kuteremka, hata baina ya ndugu wa nyumba moja.

Basi, wazazi wenzetu, alama nzuri ya mtoto ni amana iliyopitia mikononi mwa wengi. Tumlishe vema, tusome pamoja naye, na tumketishe mbele ya bibi yake asikilize. Yapo aliyonayo bibi ambayo hakuna mtihani unaoyauliza.