Wavulana nao wafundishwe kupika

Miongoni mwa kazi ambazo jamii zetu zimezigawa kwa jinsia kana kwamba ni amri ya Muumba, upishi ungali mstari wa mbele. Mvulana akionekana akikoroga chungu nyumbani kwao huchekwa. Akilala njaa ilhali unga, maji na kuni vipo karibu naye, huhurumiwa.

Ajabu ni kwamba mwanamume na jiko si wageni. Katika mwambao wetu, pilau ya arusi ipikwayo katika masufuria makubwa mara nyingi huwa mikononi mwa wanaume. Wapishi wengi wa shule za bweni ni wanaume. Aidha, Chuo cha Utalii cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1975, kimewafunza upishi vijana wa kiume na wa kike. Yaani mwanamume apikapo kwa mshahara huitwa fundi, lakini apikapo kwake huulizwa mkewe amekwenda wapi.

Wanaodhani kwamba jambo hili ni dogo wafaa kusoma habari za Alexis Soyer, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1810. Mapinduzi ya 1830 yalipoitikisa Ufaransa, alihamia Uingereza, na kuanzia mwaka 1837 akawa mpishi mkuu wa Reform Club, klabu ya wanasiasa mashuhuri jijini London. Hakutosheka kuwalisha walioshiba. Mwaka 1847, njaa ilipokuwa ikiangamiza Waayalandi, alikwenda Dublin kuanzisha jiko kubwa la kuwagawia maskini supu. Alitunga vitabu vya upishi, akabuni vyombo vya jikoni, na mwaka 1851 akafungua mkahawa mkubwa uliomtia hasara.

Hata hivyo, kazi iliyomletea heshima kuu ilikuwa bado mbele yake. Mwaka 1855, Uingereza ikipigana na Urusi katika vita vya Crimea, Soyer alijitolea kwenda kusaidia kwa gharama yake mwenyewe. Katika hospitali ya Scutari, nchini Uturuki, alikuta nyama ya wagonjwa ikifungwa kwa kamba na kukazwa mno, hata maji ya moto yasiweze kupenya ndani. Nyingine ilitoka mbichi, nyingine imerojeka. Maji yaliyochemshiwa nyama hiyo, ambayo yangekuwa supu ya kumpa mgonjwa nguvu, yalimwagwa.

Basi zingatieni, walimu na wanafunzi: nyama ilikuwapo, moto ulikuwapo, na mikono ya kufanya kazi ilikuwapo. Kilichokosekana ni maarifa. Soyer aliwafundisha askari wenyewe kupika, akawaandikia maelezo mepesi ya kufuata, akabuni jiko la kubebeka lililotumia kuni chache. Jeshi la Uingereza liliendelea kutumia majiko ya aina hiyo kwa zaidi ya miaka 100. Wanaume waliofunzwa kutumia bunduki walijifunza pia kutumia mwiko, na hakuna aliyepungukiwa na uanaume wake.

Hapa kwetu, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Sayansikimu iliwekwa katika mtaala wa shule za msingi kwa wavulana na wasichana. Nia hiyo ilikuwa njema. Lakini katika shule za upili somo hilo limechukuliwa zaidi na wasichana, na wavulana wengi wamelikwepa wakidhani kwamba si lao. Matokeo yake twayaona. Kijana aliyefaulu vyema mitihani huingia chuo kikuu, akapanga chumba, kisha akaishi kwa chai na mkate. Mjane wa kiume hubaki na watoto wadogo asijue hata uji wao huanzia wapi. Mume ambaye mkewe amelazwa hospitalini humsubiri jirani amwonee huruma.

Walimu wana wajibu mkubwa katika jambo hili. Mwalimu anayempeleka mvulana jikoni kumenya viazi kama adhabu humfundisha kwamba jiko ni jela. Badala yake, kipindi cha upishi kiwe cha vitendo kwa wote: mvulana awashe moto, apime maji, asonge sima, akaange mboga, kisha aoshe vyombo alivyotumia. Ajifunze pia kwa nini mboga zikipikwa kupita kiasi hupoteza virutubishi, na kwa nini maharagwe hulowekwa. Hiyo ni sayansi, sawa na ile ya maabara.

Nanyi wavulana, msingoje kulazimishwa. Mkono mtupu haulambwi, na tumbo halitambui cheti. Likizo ijayo, mwombeni mama, dada au baba anayejua awaonyeshe pishi moja hadi mlimudu. Asiyejua kujilisha, hata awe msomi kiasi gani, bado ni mtoto wa kulelewa.