Gari Linapochemka Mlima wa Mazeras

Atokaye Mombasa kuja kwetu Rabai hana budi kuukabili mlima. Akishajinasua katika msongamano wa Changamwe na Jomvu, akaipita Miritini, barabara huanza kupanda kuelekea Mazeras, na mbele yake malori ya bandarini yakijikokota. Gari kuukuu likifika hapo na familia nzima ndani, kiyoyozi kikivuma, mshale wa joto nao huanza kupanda. Wengi hujipa moyo wakasema, "Tufike tu Mazeras, tutaongeza maji." Ndugu msomaji, usijipe moyo huo. Dakika chache za kulilazimisha gari zaweza kugeuza kasoro ya mfuniko ikawa gharama ya injini nzima.

Tuanze na jinsi mambo yalivyo. Katika nguvu yote itokayo kwenye petroli, takriban theluthi moja huwa ni joto ambalo sharti liondolewe na maji. Pampu huyasukuma maji yapite ndani ya injini, kisha yaende kwenye rejeta yakapozwe na upepo na feni. Njiani pana thamostati, nayo ni kijilango kijifunguacho maji yafikapo nyuzi 82 hadi 88 katika magari mengi ya Kijapani. Na juu ya rejeta pana mfuniko, ambao kazi yake si kuzuia maji yasimwagike tu. Huyabana kwa shinikizo, yasichemke kwenye nyuzi 100 kama maji ya sufuriani, bali yastahimili hata karibu na nyuzi 120.

Hapo ndipo penye hatari. Atumiaye sufuria ya presha jikoni aijua vyema: huifungui kabla haijatulia. Anayefungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa moto huliondoa shinikizo kwa ghafla, na maji hugeuka mvuke papo hapo yakamrukia usoni, kifuani na mikononi.

Basi mshale ukipita pale ulipozoea kusimama, zima kiyoyozi, fungulia hita kwa joto la mwisho ili ichote sehemu ya joto la injini, kisha tafuta mahali salama pa kuegesha. Ukiwa umeshafika kwenye alama nyekundu, simama mara moja na uzime injini. Washushe watoto wakae mbali na barabara, na uweke pembetatu za tahadhari nyuma ya gari. Subiri dakika 30 hadi 45. Usiimwagie injini maji baridi, kwani chuma chenye moto kikipozwa kwa ghafla huweza kupasuka. Akina mama, kusanyeni vyema buibui na mtandio kabla ya kuinama chini ya boneti: feni ya umeme huweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Gari likishapoa kabisa, fungua mfuniko taratibu kwa kitambaa kinene, kisha ongeza maji kidogo kidogo.

Maji yakishaongezwa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Kuchemka ni dalili. Ugonjwa wenyewe haujajulikana. Jiulize: lilichemka wapi, na katika hali gani?

Ikiwa huchemka kwenye msongamano na kupoa likipata mwendo, ishuku feni kwanza. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama, usikilize. Katika magari mengi feni hupaswa kuanza. Kama iko kimya, kasoro yaweza kuwa fyuzi, waya, au mota ya feni yenyewe. Ikiwa huchemka mlimani au katika mwendo wa kasi, aghalabu maji ni pungufu, pampu imechoka, au rejeta imeziba. Rejeta ya gari la zamani huziba nje kwa vumbi na wadudu, na ndani kwa kutu na chokaa, seuze ikiwa imezoeshwa maji ya kisima yenye chumvi, kama yalivyo mengi ya pwani. Ikiwa mpira wa juu wa rejeta una moto na wa chini ni baridi, maji hayapiti: ama thamostati haifunguki, ama rejeta imeziba.

Ikiwa maji hupungua kila siku, tafuta yanakokwenda. Tazama doa chini ya gari asubuhi, unyevu kando ya pampu, na zulia lililolowa mbele ya abiria, ambalo huashiria kuvuja kwa rejeta ndogo ya hita. Ama yakipungua bila kuonekana yanapovujia, kisha moshi mweupe ukaendelea kutoka hata injini ikishapata moto, oili ikafanana na chai ya maziwa, au mapovu yakapanda kwenye rejeta, basi huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Hilo si la kuahirisha. Gari likizidi kuendeshwa, hedi yenyewe hupinda au kupasuka. Usipoziba ufa, wahenga walisema, na hapa ufa ni ufa hasa.

Yapo mashauri mawili ya kukataliwa kwa adabu. La kwanza ni, "Mama, tuitoe tu thamostati." Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake, hula petroli zaidi, na husagika mapema, tena ugonjwa wa asili hubaki palepale umefichwa. Iliyoharibika ibadilishwe, isitupwe pengo likaachwa. La pili ni, "Wewe ongeza maji kila asubuhi tu." Gari zima halinywi maji kila siku.

Mwambie fundi aanze na vya bei nafuu: apime mfuniko, apime rejeta na mipira kwa shinikizo, aangalie mkanda na feni, kisha thamostati. Kabla hajaifungua injini, mwombe apime kama gesi ya injini inaingia katika maji ya rejeta. Kipimo hicho ni cha muda mfupi, nacho huweza kuinusuru akiba ya nyumba. Mpe pia majibu yako ya lini na wapi. Fundi mwema atayafurahia, na asiye mwema atajua kuwa hazungumzi na asiyejua.

Tujizoeshe kuitazama chupa ya akiba kila juma, injini ikiwa baridi, maji yawe baina ya mistari yake miwili. Tutumie kulanti iliyochanganywa kama ilivyoandikwa kwenye kopo, kwa kuwa huzuia kutu. Maji matupu ya mfereji yawe ya dharura tu.

Na siku mshale ukipanda, simama. Kuchelewa arusini Kaloleni ni jambo la kuombea radhi. Watoto walio kiti cha nyuma ni amana.

Panapo majaaliwa, juma lijalo tutaziangalia breki.