*TAARIFA KWA WANACHAMA: TOPE LA MTARO LIONDOKE MTAANI*

Ndugu wanachama wa Tawi,

Kila mvua zikikaribia hapa Dar es Salaam tunaona mchezo uleule. Vibarua wanazibua mitaro, tope linarundikwa kando ya barabara, picha zinapigwa, wakubwa wanaondoka. Wiki haijaisha, tope limekauka na kuwa vumbi: linaingia kwenye masufuria ya mama lishe na mikononi mwa watoto. Mvua ikinyesha, lililobaki linarudi mtaroni. Fedha za umma zimetumika, sumu ipo palepale.

Tunasema *sumu* kwa makusudi. Breki zinasagika na kuacha shaba. Matairi na mabati yanatoa zinki. Betri chakavu na rangi za zamani zina madini ya risasi. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, lakini risasi haiozi. Iliyotua kwenye udongo wa barabarani haikwenda likizo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto inagusa ubongo, na ubongo ukishaharibika hakuna dawa ya kuurudisha.

Mitaro inamwaga Mto Msimbazi, mto unamwagilia mboga, kisha unaingia baharini pale Selander. Mwaka 1999 watafiti walichapisha vipimo vya mboga za kando ya Sinza na Msimbazi: risasi na kadimiamu zilikuwemo. Ni habari ya zamani kuliko baadhi ya wanachama wetu!

Jibu tunalopewa ni moja: wakulima wa mchicha wafukuzwe bondeni. Hatusemi mchicha huo ni salama. Kuuosha kunatoa vumbi, hakutoi kilichonyonywa na mizizi. Lakini mkulima ndiye wa mwisho kufikiwa na sumu hii, siye aliyeianzisha. Ukimfukuza yeye ukaliacha tope, umehamisha lawama tu.

*TUNADAI:*
1. Tope lizolewe siku hiyohiyo, kwa gari lililofunikwa, na mkataba wa mkandarasi useme hivyo.
2. Tope na maji ya mitaro yapimwe, majibu yabandikwe ofisi ya mtaa.
3. Patengwe mahali pa kukusanyia oili chafu na betri chakavu.
4. Vibarua wapewe glavu, buti na barakoa.

Na sisi tusijifiche. Wapo wanachama wenye gereji wanaomwaga oili mtaroni usiku. Tunawaambia wazi: acheni. Hatuwezi kuinyooshea halmashauri kidole chenye oili.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, tujae. Diwani aulizwe swali moja tu: *tope linapelekwa wapi?* Asiondoke bila kujibu.

Sambaza kwa mabalozi wote.

_Imetolewa na Uongozi wa Tawi_